Chumba cha Ramani

Kila Jumatano, kipindi cha tano,
tunapanda ngazi za nyuma ya jiko la shule
mpaka chumba kilichokuwa cha ramani.
Ramani zilishaondoka. Misumari imebaki.
Heledd ameihesabu: kumi na mmoja,
mmoja umepinda.

Nje Blaenau inanyeshewa kama ilivyozoea,
mvua juu ya vilima vya mawe ya kuezekea,
yale yaliyovunjika, ambayo babu zetu
waliyachonga wakayatupa.

Tuko watano.
Mabli hutapika asubuhi ya kila mtihani.
Gwenllian alikosa muhula mzima; viatu alivaa,
ila mlangoni hakutoka.
Heledd na Tanwen wana usonji.
Sisi watatu hatuna, au hakuna aliyetuambia.
Wote tuna kitu kilekile kifuani.
Hapana. Hilo niliandika wiki ya kwanza, nikalifuta.
Si kilekile.

Hofu yangu ina macho. Huniuliza usiku:
walikuonaje uliposoma kwa sauti?
Ya Heledd ina masikio. Inasikia taa ya dari ikivuma,
taa ambayo mimi sikuwahi kuisikia
mpaka aliponiambia, "Sikiliza,"
na tangu siku hiyo siwezi kuacha kuisikia.

Bi Meinir alianza na pumzi:
vuta kwa nne, shika kwa nne, toa kwa nne.
Mimi nilitulia.
Heledd akauliza, "Nne za kasi gani?"
Tukacheka.
Hakuwa anachekesha. Vidole vyake vikarudi kwenye zipu ya koti,
juu, chini, juu.
Bi Meinir hakucheka. Jumatano iliyofuata
alileta kipima mdundo cha piano ya marehemu mama yake,
kikakaa mezani kikigonga, tik, tik,
na safari hii aliyekereka ni Mabli.
Basi kikavishwa soksi ya sufu,
kikahamia mapajani mwa Heledd,
ambaye hahitaji kukisikia, anahitaji kukigusa.

Kisha tukaandika kadi, kila mtu yake.
Yake: *Nikikaa sakafuni usinishike.
Usiniulize kitu. Kaa.*
Yangu iliniaibisha, nikaiandika kwa herufi ndogo:
*Nikisema niko sawa, uliza mara ya pili.*

Machi, mlango umefungwa.
Karatasi imebandikwa: chumba kinatumika leo.
Basi. Hakuna jina, hakuna saa, hakuna wapi kwingine.
Heledd akaisoma mara tatu
akakaa palepale kwenye ngazi, mikono masikioni,
akitoa sauti moja ndefu, nyembamba,
kama birika lililosahauliwa jikoni.
Bwana Prydderch akapanda na funguo zake.
"Inuka, binti. Hakuna maigizo hapa."
Akanyoosha mkono.

Mimi huwaomba radhi hata viti nikivigonga.
Mimi ambaye jina langu mwenyewe, Lowri,
hulisema kwa sauti ya kuulizia.
"Usimguse," nikasema.
Ilitoka kubwa mno. Ikagonga ukuta, ikanirudia.
"Mmebadilisha ratiba na hamkumwambia."
Magoti yangu yalikuwa maji. Macho yote
niliyowahi kuyaogopa yalikuwa pale,
katika uso mmoja wenye masharubu,
nao ukatazama karatasi, ukatazama ngazi,
ukashuka.

Nikakaa. Si karibu. Vidato viwili chini yake.
Sikumshika. Sikumuuliza.
Jikoni walikuwa wanaosha masufuria,
harufu ya kabichi, mvuke kwenye dirisha.
Sijui ni dakika ngapi; yeye anajua.

Ile sauti ikakatika. Zipu ikaanza, juu, chini.
Bila kunitazama akasema,
"Uko sawa?"
"Niko sawa."
Zipu juu. Zipu chini.
Sufuria moja ikaanguka huko, tukashtuka wote.
"Uko sawa?" akasema tena,
kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma kadi.

"Hapana," nikasema,
na zipu ikasimama.